Dawa Kabla ya Shabaha

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, dawa za kuua bakteria zilitangulia, na maarifa ya namna zinavyoua yakafuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Isoniazidi ilianza kutibu kifua kikuu mwaka 1952, na katika miaka ya 1960 wagonjwa wa Afrika Mashariki walipewa dawa hiyo pamoja na thiasetazoni katika majaribio ya tiba. Hata hivyo InhA, kimeng'enya kinachosaidia kuunda mafuta ya ukuta wa bakteria na ambacho isoniazidi hukizuia, hakikutambuliwa hadi mwaka 1994. InhA ni mojawapo ya protini za lazima, yaani zile ambazo bakteria akizikosa hawezi kuishi wala kuzaliana.

Mwaka uliofuata utaratibu huo uligeuzwa. Jenomu ya bakteria Haemophilus influenzae, yaani jumla ya maagizo yake ya urithi, yenye herufi za kikemia zipatazo milioni 1.8, ilichapishwa nzima, na kampuni za dawa zikaona kwamba sasa zingeweza kuchagua kwanza protini ya lazima, kisha kutafuta kemikali ya kuizuia. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki, pengine kupita kiasi. Kati ya 1995 na 2001, kampuni inayojulikana leo kama GSK ilichunguza jeni zaidi ya 300 na kuendesha misako 70 ya kemikali, 67 kati yake ikilenga protini zilizoteuliwa, lakini iliambulia kemikali 5 tu zilizofaa kuendelezwa. Kuizuia protini iliyotengwa ndani ya chupa kulikuwa rahisi. Kilichoshinda ni kuipenyeza kemikali ndani ya bakteria walio hai, hasa wale wenye tabaka mbili za utando na pampu zinazotema nje kila kitu kigeni.

Watafiti wa Johnson & Johnson waliovumbua bedakwilini, dawa ya kifua kikuu, walirudia njia ya wazee: walijaribu kemikali juu ya Mycobacterium smegmatis aliye hai, ndugu mpole wa kimelea cha kifua kikuu, wakakuza bakteria sugu, kisha wakasoma jenomu zao ili kuona kilichobadilika. Mabadiliko yalikuwa katika jeni ya atpE, inayoagiza sehemu ya mtambo wa protini unaozalisha nishati ya seli. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005, na Marekani ikaidhinisha dawa hiyo mwishoni mwa 2012.