Bingwa wa Olimpiki aliyekuwa mkimbizi: John Akii-Bua

Leo tunawaletea historia ya mtu ambaye Uganda nzima ilimshangilia, kisha akaikimbia kama vile sisi tulivyokimbia kwetu.

John Akii-Bua alizaliwa 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Aliingia polisi, na mbio zake zikakulia huko. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, akamuweka kwenye mita 400 za viunzi. Hizo si mchezo: unazunguka uwanja mzima na unaruka viunzi 10. Kwenye mazoezi alikuwa anakimbia amevaa fulana yenye uzito, ili siku ya mashindano ajisikie mwepesi.

Tarehe 2 Septemba 1972, fainali ya Olimpiki ya Munich, alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali. Wakimbiaji hawaipendi. Alikuwepo pia David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua akamaliza kwa 47.82! Hakuna mtu alikuwa ameshuka chini ya 48 kabla yake. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda.

Lakini medali haizuii risasi. Watu wa Lango walikuwa wanateswa na utawala wa Idi Amin. 1976 Uganda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia Olimpiki ya Montreal, na nafasi yake ikapotea. 1979, vita vya kumtoa Amin vilipofika, akakimbilia Kenya na familia yake. Bingwa wa Olimpiki akajikuta kambini. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo ilimsaidia kufika Ujerumani.

1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda, huko Moscow, lakini hakufika fainali. Baadaye akarudi nyumbani, akawa kocha. Alifariki 1997. Dhahabu ya pili ya Uganda ilikuja 2012 tu, kwa Stephen Kiprotich.

Sisi wa kujitolea tunaona kila mara: kijana amevuka Mpondwe, akiulizwa ujuzi wake anajibu, "Sina." Kumbe kwao alikuwa fundi, mwalimu, golikipa. Akii-Bua pale kambini alikuwa bado ni mtu wa 47.82. Basi ukijaza fomu, sehemu ya ujuzi usiiache wazi.