Nukta za kwanta kwenye supakondakta za tabaka

Nukta ya kwanta ni mtego wa elektroni wenye upana wa nanomita chache. Ndani yake elektroni hupata viwango maalumu tu vya nishati. Makao yake mazuri ni mata za tabaka, zibandukazo utando kwa utando kama madini ya vermikulaiti ya kilima cha Kinyiki, Makueni. Kwa mfano, utando wa molibdeni disulfidi hulazwa juu ya niobi diselenidi, ambayo chini ya takriban nyuzi −266 za Selsiasi hupitisha umeme bila ukinzani wowote, yaani huwa supakondakta. Kasoro ndogo ndani ya utando huwa nukta. Elektroni zikipenya hapo, moja baada ya nyingine, hufichua pengo la nishati la supakondakta, yaani nishati ambazo elektroni zake haziwezi kuwa nazo: kipimo muhimu sana.