Jiwe, Ukuta na Uwanja wa Ngoma: Historia Yetu Imeandikwa Wapi?

Ndugu zangu wana Kisesa na Bujora, mlioko nyumbani na mlioko mbali, mwaka huu nimeombwa niandike juu ya historia badala ya mapato na matumizi. Nimekubali, ila jicho la mhasibu halivuliki kama koti. Kila nikisoma habari za kwetu najikuta nauliza maswali ya kazini: mali hii imeorodheshwa wapi? Iko mikononi mwa nani? Ilikabidhiwa kwa hati gani?

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kuianza historia ya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, siku Speke alipoliona Ziwa na kulipa jina la malkia wake. Ukweli ni kwamba yeye aliwakuta wenyeji, na hata wenyeji aliowakuta walikuwa wametanguliwa na wengine. Ushahidi uko kwenye mawe. Kuna miamba iliyochorwa Bwanjai mkoani Kagera, kisiwani Mfangano upande wa Kenya, na kisiwani Lolui upande wa Uganda. Michoro ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, inasifika kwa wanyama na watu. Hii ya kanda ya Ziwa ni tofauti: mingi ni maumbo tu, kama vile duara ndani ya duara na mistari inayotoka katikati kama miale ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu wengi huihusisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa, waliokaa pande hizi kabla ya wakulima na wafugaji kuenea.

Huko Lolui kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa ngoma. Mwaka 1965 watafiti waliandika kwamba karibu na michoro ile kuna mawe yanayolia yakigongwa, na yana vishimo vilivyotokana na kugongwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo picha na mdundo vilikaa mahali pamoja hapa Ziwani tangu zamani ambazo hakuna awezaye kuzihesabu kwa vizazi.

Sisi Wasukuma tulikuwa na picha zetu, ila hatukuzichora kwenye miamba. Tulizichora ukutani. Chama cha Bayeye, wacheza na nyoka ambao pia walijua dawa za kutibu aliyeumwa, kilikuwa na nyumba za mafunzo. Kuta za ndani zilichorwa nyoka, wahenga wa chama na mambo ya angani. Mwanachama mpya alifundishwa kwa kuonyeshwa picha hizo. Kwa lugha ya leo, ukuta ulikuwa kitabu cha kiada.

Nyumba zile zilikuwa za udongo. Mvua zilinyesha, nyumba zikaanguka, na picha zikaenda na udongo. Tunazijua leo kwa sababu Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika na kuishi Mwanza, alizikusanya nakala na kuzitolea kitabu London mwaka 1953. Tumshukuru. Lakini tujiulize pia: mjukuu wa Muyeye akitaka kuona babu yake alifundishwa nini, inabidi atafute kitabu kilichochapishwa ng'ambo. Mali ilikuwa yetu, daftari likawa la mwingine.

Baada ya ukuta tuje uwanjani. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba mchezaji ni Mgika au Mgalu. Vyama hivi viwili vinatokana na Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19 ambao walibishana nani zaidi, wakakubaliana uwanja uamue. Kanuni yao haijabadilika: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hapo ndipo tulipopata bugobogobo ya majembe, ngoma za nyoka na vituko vya kila namna. Kila chama kililazimika kubuni kipya kila msimu, maana mtazamaji ana miguu na upande wa pili uko hatua chache tu.

Msimu wenyewe ni baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na nafasi ya kucheza. Bulabo yetu ya Bujora iliwekwa hapo hapo. Ni sikukuu ya Ekaristi, Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, na jina lake linatokana na maua ya maandamano. Misa ikiisha, Bagika na Bagalu wanaingia uwanjani. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliona kwamba ngoma haikuwa adui wa kanisa, na akalipamba kanisa la Bujora kwa alama za utemi wa Kisukuma.

Jambo lake la pili ndilo ninalolipigia mstari. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu. Ngoma za kitemi, viti na mavazi ya enzi vikabaki bila ofisi inayovimiliki. Mhasibu yeyote atakwambia kwamba huo ndio wakati mali hupotea: mwenyewe wa zamani ameondoka, mwenyewe mpya hajasaini. Clement na wazee wa Kisukuma walivikusanya vingi, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakasimama Bujora. Leo mgeni akiingia anaona banda la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, banda la ngoma, nyumba ya wahunzi na mji wa Kisukuma. Zimebaki kwa sababu kuna watu walioziorodhesha kabla hazijapotea.

Sasa, ndugu zangu, ni nini hakijaorodheshwa? Mapango na mawe ya matambiko, ambayo wengi wetu tunayajua kwa jina tu. Nyimbo za mashindano zilizo vichwani mwa wazee wa Bagika na Bagalu. Siri za Banungule, wawinda nungunungu. Mawe yanapasuliwa kokoto kila siku, na wengine wanachimbwa mapangoni wakitafuta hazina ya Wajerumani, uharibifu uliowahi kuikumba hata Kondoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina kazi moja isiyo na saruji wala bati: kuwalipia vijana wetu nauli, kamera na vinasa sauti ili wapite kijiji kwa kijiji, wapige picha kila jiwe na pango lenye historia, na wawarekodi wazee kwa ridhaa yao. Nakala moja itabaki kijijini, moja shuleni, na moja tutaomba ihifadhiwe Bujora. Najua wapo wanaosema fedha hizi zingejenga choo cha shule. Hoja hiyo ni ya haki, na choo kiko kwenye bajeti. Tofauti ni kwamba choo kinaweza kujengwa mwakani. Mzee aliyezikwa hawezi kurekodiwa mwakani.

Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na hesabu zitasomwa hadharani kwenye mkutano mkuu. Mwenye kidogo alete kidogo, na mwenye babu au bibi anayekumbuka atuletee jina lake, maana hilo nalo ni mchango.