Sauti Nzito Katika Gari: Toka Ngoma ya Ntuzu Hata Sabufa

Tangu kale mwanadamu ametamani sauti yake ifike mbali kuliko pumzi ya kifua chake. Alipuliza baragumu, akapiga ngoma, akapanda kichuguu akaita. Siku hizi, katika mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, tamaa hiyo imepanda gari. Redio iliyofungwa kiwandani huongezewa amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, na sabufa, yaani spika kubwa za sauti nzito. Atazamaye juu juu huona mchezo wa vijana tu. Atazamaye historia huona sura mpya ya shauri kongwe: nani asikike, na nguvu ya kusikika itoke wapi?

Bariadi imo katika nchi ya Ntuzu, na Wanyantuzu ni Wasukuma. Katika karne ya 19 Usukuma uligawanyika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo huvinasibisha na waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo vilishindana. Makundi mawili yalicheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hukumu ilitolewa na miguu ya watazamaji: kundi lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Ngoma ilipigwa shambani vilevile, ili kuwapa wakulima mwendo mmoja wa jembe. Basi sauti nzito ilikuwa mali ya watu wengi. Haikuvuma ila mikono ilipokubaliana kuipiga, na haikushinda ila watu walipopenda kuifuata.

Sauti ya mashine ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1930, mjini Chicago, Paul Galvin na ndugu yake Joseph walianza kuuza redio ya gari waliyoiita Motorola. Redio za wakati huo zilitumia valvu, nazo zilikula umeme mwingi. Transista ilipobuniwa mwaka 1947, chombo kikapungua ukubwa na ulaji wake; na mwaka 1955 kampuni ya Chrysler ikatangaza redio ya gari isiyo na valvu hata moja. Tanganyika nayo haikuwa ngeni wa gari lenye kunena. Kati ya miaka 1935 na 1937, mradi wa sinema za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulizungusha lori lenye sinema na vipaza sauti katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1951 kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kikaanza kazi, na sauti ya mtu mmoja ikaweza kusikiwa na maelfu asiowaona.

Kwa nini, basi, redio ya kiwandani isitosheleze? Sababu imo katika umeme wenyewe. Injini ikiwaka, gari dogo huwa na volti 14 hivi. Katika spika ya omu 4, volti hizo haziwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi za sauti safi, hata zikitumiwa kwa ustadi. Sikio nalo lina ubaguzi. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti nzito huhitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawa na sauti ya kati. Tena, ili sikio lihisi kuwa sauti imeongezeka mara mbili, nguvu hupaswa kuongezwa mara 10 hivi. Kwa hiyo mwenye kutaka besi hana budi kutafuta chombo kitakachozipandisha volti za gari kabla ya kuzituma katika spika.

Hapo ndipo ufundi huanza. Redio ya zamani huachwa mahali pake. Ishara ya sauti huchukuliwa katika nyaya za spika, ikapunguzwa, ikaingizwa katika amplifaya. Amplifaya yenye kutoa wati 500 hudai zaidi ya ampea 35 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa sababu hiyo waya wake mnene hutoka moja kwa moja katika betri, na fyuzi hukaa karibu na betri, ili waya ukichubuka njiani usiliteketeze gari. Waya wa pili hufungwa katika chuma kilichokwanguliwa rangi. Na kama ngoma isivyovuma bila mzinga wake, sabufa nayo hutiwa katika sanduku, kwani bila sanduku sauti ya nyuma huiua sauti ya mbele.

Ufundi huo wastahili heshima, lakini umebadili jambo kubwa. Ukubwa wa sauti, ambao zamani ulikuwa ushahidi wa watu waliokubaliana, sasa ni ushahidi wa betri na fedha. Mtazamaji wa Bagika aliweza kugeuka akawaendea Bagalu. Mgonjwa aliyelala kando ya barabara hana pa kugeukia gari lipitapo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Zikifika 100, kikomo ni dakika 15 tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo imeihesabu kelele miongoni mwa mambo ya kudhibitiwa.

Sabufa haina kosa la asili, kama ngoma isivyokuwa nalo. Hata hivyo ngoma ilimwomba msikilizaji ridhaa yake, na ridhaa hiyo ndiyo iliyokuwa ushindi. Fundi aweza kuongeza wati. Ridhaa haina waya wa kuifunga. Mwenye gari akiikumbuka, hupunguza sauti apitapo penye watu waliolala, na sifa yake haipungui.