Rangi Niliyoikwangua: Vyombo vya Kale na Namna ya Kuvikarabati



Kuna kosa nililolifanya mwaka 2004 katika kibanda kilichoko nyuma ya nyumba yangu hapa Bordesley Green, Birmingham, na mpaka leo nikilikumbuka najilaumu. Nalieleza kwa sababu limenifundisha historia ya vyombo vyetu vya bahari kuliko vitabu vingi nilivyopitia nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari.

Mwaka 1998 nilikwenda Tanga kumtazama mama, akanipa ubao wa shetri wa jahazi la marehemu babu. Jahazi lenyewe lilikwisha kuvunjwa zamani, mbao zake zikawa milango na kuni. Kilichosalia ni ubao huo tu, wenye nakshi ya mwezi na nyota, na jina la chombo limefifia. Nikauleta Uingereza umefungwa katika kanga, ukakaa ukutani miaka sita. Halafu, bwana, nikaona rangi yake inabambuka, haipendezi mbele ya wageni. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi na msasa, nikausugua siku mbili mpaka mti ukatoka mweupe, nikaupaka vanishi. Ukang'aa kama meza ya dukani. Kwa furaha nikampelekea mjomba picha.

Mjomba alinipigia simu, wala hakunipongeza. "Mwanangu," alisema, "ile buluu ya juu ilikuwa masalio ya rangi tuliyopakia nyumba. Chini yake kulikuwa na kijani, babu yako alikipaka aliporudi Makka. Chini ya kijani palikuwa na nyekundu, ya yule aliyekuwa na chombo kabla yetu. Sasa wewe umebakisha nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata polepole, na nililipata hapa hapa mjini, ingawa Birmingham haina bahari.

Si mbali na kwangu pana mfereji uliofunguliwa mwaka 1844. Unaanzia Bordesley Junction, unateremka kupitia malango ya maji ya Garrison, unapita Saltley mpaka Salford Junction. Hapo Saltley kampuni ya Fellows, Morton & Clayton, iliyoundwa mwaka 1889, ilikuwa na kiwanda cha kuundia mashua nyembamba za mferejini. Mwaka 1909 ikatoka hapo mashua ya mvuke iitwayo President. Mwaka 1925 iling'olewa mtambo wa mvuke, ikatiwa injini ya dizeli. Kampuni yenyewe ilikoma mwaka 1948, na mashua ikachakaa mpaka wapenzi wa mifereji walipoinunua na kuikarabati katika miaka ya 1970. Baadaye ikawa mali ya makumbusho ya Black Country Living Museum kule Dudley.

Sasa tazameni taabu waliyokuwa nayo mafundi wale. Zamani mashua za kampuni ile zilipakwa nyeusi na nyeupe. Katika miaka ya 1920 wakabadilisha, zikawa nyekundu, njano na kijani. Je, President irudishwe mwaka gani? Wakaamua irudi enzi za mvuke, basi na rangi nazo zikawa nyeusi na nyeupe, na maandishi ya ubavuni yakafuata enzi hizo. Mtu akiipaka nyekundu na kijani huku ina mtambo wa mvuke, itapendeza machoni, lakini itakuwa inasema uongo.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo moja, na ndilo hasa ninalotaka kulisema. Fundi wa mbao ana mwalimu mkali, naye ni maji. Akikosea mkuku, au mataruma yakikaa vibaya, au kalfati isipokaza, chombo kitavuja na kosa litaonekana siku ile ile. Lakini rangi isiyokuwa yake haijapata kuzamisha chombo. Bahari haimsahihishi mpaka rangi. Kinachoweza kumsahihisha ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu ikiondoka, kosa lake ndilo linalogeuka kuwa mila.

Chukueni mfano wa mtepe. Ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba, tanga lake la mraba lilisukwa kama mkeka, na omoni palichorwa macho. Ushonaji wa vyombo katika pwani yetu ni wa kale: mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, yaani Periplus, unataja mashua za kushonwa pale Rhapta. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika karne ya 20. Anayetaka kuunda mwingine leo hana budi kutegemea sanamu ndogo kama zile za makumbusho ya Lamu, na maandishi ya watu kama James Hornell, aliyeuandika mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, na A.H.J. Prins baada yake. Mafundi wa Lamu walipouunda upya mtepe kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, mikono yao iliujua mti na kamba. Lakini macho yale yawe na ukubwa gani, na wino gani, hayo mkono peke yake hauyajui.

Wala tusijidanganye kwamba makumbusho yatatuhifadhia kila kitu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, ikaua watu wawili. Jumba likianguka, kinachosalia ni kile kilichoandikwa na kusambazwa.

Kwa hiyo nawaomba. Wengi wetu tuna vitu kama hivi majumbani: usukani, kasia, sanduku, ubao wa jina. Kabla ya kushika msasa, piga picha. Kwangua mahali padogo, kiasi cha sarafu, tabaka moja baada ya jingine, uandike kila rangi. Sehemu nyingine iache ilivyo. Halafu piga simu nyumbani uwaulize wazee wangali hai, si baada ya kazi kama nilivyofanya mimi.

Baada ya aibu ile nilimrudia mjomba na daftari, akanisimulia kila rangi, kila safari, na nani alipaka. Alifariki mwaka 2011. Ubao ungali ukutani kwangu. Katika pembe ya mwezi, ndani ya mfuo wa patasi, msasa wangu haukufika. Pamesalia kijani kidogo mfano wa punje ya mchele. Hicho sikigusi.