Barakoa si Wavu wa Uso

Tarehe 16 Juni 2020, katika eneo la Tampa Bay jimboni Florida, timu mbili za watu wazima zilikutana kucheza hoki ya barafuni ndani ya ukumbi, kila timu ikiwa na wachezaji 11. Kesho yake mchezaji mmoja alianza kuumwa, na vipimo vikaonyesha ana UVIKO-19. Ndani ya siku tano tangu mchezo huo, wenzake wanane wa timu yake, wapinzani watano na mfanyakazi mmoja wa uwanja nao walikuwa na dalili. Taarifa ya mamlaka ya afya ya Marekani iliyochapishwa Oktoba mwaka uleule iligusia jambo ambalo daktari anaweza kulipita haraka, lakini mfasiri hawezi: wachezaji wa hoki ya barafuni huvaa usoni ama wavu wa chuma ama kioo cha plastiki kinachoishia puani, ila hakuna aliyesema kwamba alivaa barakoa ya kitambaa, iwe uwanjani au katika chumba cha kubadilishia nguo. Kiingereza huweza kuuita wavu ule na kitambaa kile kwa neno moja. Mfasiri atakayeandika “kinga ya uso” kotekote atakuwa ametuambia kwamba watu wale walikuwa wamevaa kinga ya uso na hawakuwa wamevaa kinga ya uso, na msomaji ana haki ya kumrudishia kazi yake.

Mkanganyiko huu hauondoki kwa kutafuta neno linalopendeza zaidi masikioni. Unaondoka kwa kuuliza kila kifaa kinazuia nini, na kitu hicho kinatokea upande gani. Vifaa vya uso vya hoki vilizaliwa kwa hofu ya kitu kinachotoka nje: kile kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito unaofika gramu 170, kinachopigwa kwa magongo juu ya barafu. Clint Benedict, mlinda lango wa Montreal Maroons, alijaribu kifuniko cha ngozi mwaka 1930 baada ya kuumizwa usoni, lakini hakudumu nacho. Aliyekifanya kuwa desturi ni Jacques Plante wa Montreal Canadiens. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso. Akashonwa, akarudi langoni amevaa kifuniko cha faibagilasi, ingawa kocha wake, Toe Blake, hakukipenda hata kidogo. Wachezaji wasio walinda lango walichelewa zaidi: ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilianza kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kioo cha macho mwaka 2013 tu. Katika historia yote hiyo, pumzi ya mchezaji haikuwa hatari bali kero. Kifaa kizuri kilikuwa kile kinachoiacha itoke haraka ili kioo kisipate ukungu.

Korona iligeuza mwelekeo huo. Hatari ikawa inatoka ndani ya kifaa kwenda nje, tena katika mazingira yanayoipendelea. Mchezaji wa hoki hukimbia kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja au unaozidi kidogo, kisha hurudi benchi akihema, amebanana na wenzake bega kwa bega. Hewa ya baridi hutulia juu ya barafu, nayo imezungushiwa mbao na vioo pande zote. Februari 2021, NHL yenyewe iliamua kuondoa vioo vya nyuma ya mabenchi ili hewa ipate kupita. Kutegemea wavu wa chuma kuzuia pumzi katika ukumbi kama huo ni kuzuia moshi kwa tenga. Kwa hiyo neno linalotaja sehemu ya mwili inayofunikwa, yaani uso, halitusaidii. Uso unaweza kufunikwa kwa njia kumi na pumzi isiguswe na hata moja.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri wengi wanaupita bila kuuona. Kitenzi *kinga* kina maana mbili zinazokaa pamoja. Tunajikinga na jua au na adui, yaani tunazuia kisitufikie. Vilevile tunakinga maji ya mvua, yaani tunaweka chombo ili kipokee kinachodondoka. Barakoa hufanya kazi zote mbili: humpunguzia mvaaji anachokivuta, na hupokea matone yanayomtoka kabla hayajamfikia mwenzake. Wavu wa hoki huzuia tu kisimfikie mvaaji, tena huzuia vitu vigumu, si pumzi. Ndiyo maana napendekeza “kinga ya uso” ibaki kuwa jina la jumla la vifaa vya kuzuia majeraha michezoni, na ndani yake tuwe na “wavu wa uso” kwa kile cha vyuma na “kioo cha uso” kwa kile cha plastiki angavu, kiwe nusu au kizima. “Barakoa” itengewe kile tu kinachofunika pua na mdomo na kuchuja pumzi. Vile vioo vya uso mzima ambavyo watengenezaji walivitoa baadaye mwaka 2020, vikiwa vimezibwa matundu karibu na mdomo, ningeviita vioo vya kukinga matone. Jina hilo linaahidi matone na haliahidi zaidi ya hapo, jambo ambalo matangazo ya biashara hayakulizingatia sana.

“Ngao ya uso” inahitaji uangalifu wake. Machi 2020 kampuni ya Bauer, inayotengeneza vifaa vya hoki, iligeuza karakana zake kutengeneza ngao za uso kwa wahudumu wa afya. Plastiki ni ileile, na kazi inafanana na ya kioo cha mchezaji: kuzuia kinachorushwa kutoka mbele. Lakini muuguzi huvaa ngao juu ya barakoa, si badala yake, na Shirika la Afya Duniani halikuhesabu ngao kuwa sawa na barakoa. Ngao, hata ile ya vitani, ina kingo. Aliyelichagua neno hilo alilichagua vizuri, maana linatukumbusha kwamba hewa huzunguka.

Atasimama mtu wa pwani aseme kwamba barakoa si chombo cha tiba. Ni vazi la wanawake wa Kiarabu, lililojulikana Zanzibar na linalovaliwa hadi leo Omani na sehemu za Ghuba, tena halichuji kitu. Kazi yake ni stara. Ni kweli, na historia hiyo isifutwe kwenye kamusi. Lakini mwaka 2020 redio, wizara na wauzaji wa mitaani walilipokea neno hilo kwa maana mpya bila kungoja kikao cha wanaistilahi, na maana ile ya kale haikuvurugika. Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaka “maski” itumike kwa vyote, kwa kuwa ni fupi na watu wanaielewa. Ufupi wake sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba tumelikopa neno la Kiingereza pamoja na utata wake, na utata huo ndio tuliouona Florida.

Wengine watauliza barakoa inamhusu nini mwanamichezo, ilhali Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri watu wasiivae wanapofanya mazoezi, kwa sababu jasho huilowesha na kupumua kukawa kugumu. Hata hivyo, jimbo la Minnesota liliporuhusu michezo ya vijana kurejea Januari 2021, liliwataka wachezaji wavae barakoa, wa hoki wakiwemo. Mamlaka mbili zilitofautiana, na kila moja ilihitaji neno lisilo na shaka ili ieleweke inakataza nini au inaamuru nini.

Wala suala hili si la nchi za theluji peke yake. Nairobi ina timu ya hoki ya barafuni, na mpira wa magongo wa nyasini una historia ndefu kwetu: Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971, na Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika mchezo huo, walinzi huvaa kinga ngumu za uso wakati wa kona ya adhabu, wakizinyakua langoni na kuzivua mara hatari ikipita. Kinga ya namna hiyo ikipokezanwa kati ya wachezaji bila kusafishwa, inabeba mate na pumzi za timu nzima. Kanuni ya afya itakayowaambia walinzi “vaeni kinga ya uso” tu itakuwa imewaelekeza moja kwa moja kwenye kifaa hicho.