Mwaka 1967: kombe la Lubumbashi na panya waliokimbia

KAMALONDO – Wazee wa Kamalondo wanaopenda mpira hawausahau mwaka 1967. Ndio mwaka TP Englebert, TP Mazembe ya leo, ilipoleta Lubumbashi kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 kule Kumasi na 2-2 Kinshasa. Siku ya mechi ya tatu Kotoko hawakufika. Mwaka 1968 ikalichukua tena.

Mwaka huohuo wa 1967, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari John Holloszy alitangaza jibu la swali linalomhusu kila mchezaji: mbio za kila siku zinabadilisha nini mwilini?

Kabla yake, watafiti walikuwa wamezoeza panya kwa kuwaogelesha, na misuli yao haikuonyesha tofauti kubwa. Wengi wakaona faida ya mazoezi iko hasa kwenye moyo na mapafu. Holloszy akafikiri kwamba kazi ile ilikuwa nyepesi mno. Akawaweka panya wake juu ya mkanda unaozungushwa na motere, siku 5 kwa wiki, akiongeza muda na mwendo polepole mpaka wakafikia saa 2 kwa siku. Kazi hiyo ilidumu wiki 12.

Alipopima misuli ya miguu, uwezo wake wa kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili. Ndani ya misuli mna mitokondria, vitu vidogo sana vinavyochoma sukari na mafuta ili mwili upate nguvu. Protini ya mitokondria hizo iliongezeka kwa asilimia 60 hivi. Baadaye, vipande vidogo vya misuli ya watu vilipopimwa, vilionyesha jambo lilelile: msuli wenyewe hujifunza kazi.

Lakini faida hiyo haina akiba. Panya wakiachishwa mbio, sehemu kubwa yake hupotea ndani ya wiki chache. Ndiyo sababu mchezaji aliyepumzika muda mrefu huhema mapema uwanjani.

Jambo hili linazihusu pia familia zilizokimbia makwao. Mtu aliyezoea kulima na kutembea mbali, akikaa miezi mingi bila kazi, huchoka upesi na kudhani amezeeka au amerogwa. Mara nyingi ni misuli imepoteza mazoea yake, na yanaweza kurudi: kutembea kwa haraka kila siku, leo kidogo, wiki ijayo zaidi, kama panya wale walivyoongezewa. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Jambo moja tu lisisahaulike: panya wa maabara alikuwa na chakula chake kila siku. Mtoto anayelala njaa hawezi kujengwa na mbio. Kwake, sahani ya bukari inatangulia mpira.